Jumamosi Ni ya Nani? Divai, Tembo na Mapumziko ya Wanandoa



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka lizae makubwa: namna mume na mke wanavyotumia saa zao za mapumziko, na nafasi ya kinywaji katika saa hizo. Nawaomba mlisome pamoja, mmoja akisoma na mwenzake akisikiliza. Mwishoni mtapata maswali ya kujadiliana nyumbani au katika Jumuiya yenu ndogo ya Kikristo.

MALALAMIKO YA MAMA MMOJA

Mama mmoja wa hapa Bondeni alinijia baada ya Misa akiwa na shida moyoni. Yeye na mumewe wameniruhusu kuandika habari zao, lakini majina tunayaacha. Mumewe ni fundi. Jumamosi mchana akishapokea malipo ya wiki, huleta nyumbani unga, mafuta na fedha za kodi. Kisha huoga, hubadili nguo, huvuka kivuko cha Likoni na kwenda kwenye mangwe kunywa mnazi pamoja na wenzake. Anakwenda mbali kwa sababu majirani zetu wengi ni Waislamu, naye hapendi kuonekana mtaani akinuka pombe. Hurudi saa nne au saa tano za usiku, taratibu, na kulala. Hampigi mtu wala hamtukani mtu. Jumapili huamka kichwa kizito, na mama huenda Misa peke yake na watoto.

Mama mwenyewe huamka saa kumi alfajiri siku zote, Jumamosi ikiwamo, kukanda unga wa mahamri na kuchemsha mbaazi za kuuza.

Niliposikia hayo nilimwuliza swali ambalo mimi katekista niliona ni la busara: "Mama, anakunywa kiasi gani?"

Akanitazama, akasema: "Mwalimu, sikuja kuhesabu vikombe. Siku yake ya kupumzika ndiyo siku yangu ya kumngoja. Sasa mimi nitapumzika lini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Baadaye nilipozungumza na mumewe, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, mimi si mlevi." Na ni kweli, si mlevi. Lakini yeye na mimi tulikuwa tumeshika kipimo kimoja kisichofaa. Tulikuwa tunapima pombe, na mama alikuwa anazungumza juu ya Jumamosi.

DIVAI NI ZAWADI

Tuanze na jambo ambalo Mkatoliki hana haja ya kulionea haya. Kanisa halifundishi kwamba divai ni kitu kiovu. Zaburi ya 104 inaitaja miongoni mwa vitu alivyovitoa Mungu ili kuufurahisha moyo wa mwanadamu. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anaisifu ikinywewa kwa kiasi na kwa wakati wake. Na papo hapo anaonya kwamba ikizidi huleta uchungu na ugomvi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha njia hiyo hiyo ya kiasi: tujiepushe na kupita mpaka katika chakula, pombe, tumbaku na dawa.

Tena divai ipo altareni. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka iwe divai ya asili, iliyotokana na zabibu, isiyoharibika. Wenzetu wa Tanzania wanajua habari hii vizuri, maana mizabibu ya Dodoma, inayovunwa mara mbili kwa mwaka, ilianza na wamisionari Wakatoliki.

Hata hivyo hakuna anayelazimishwa. Padre ambaye kwa sababu ya ugonjwa au ulevi wa zamani hawezi kugusa pombe aweza kupewa ruhusa atumie maji ya zabibu ambayo hayajachacha hata kuwa kali. Ikiwa kuhani altareni anaruhusiwa hivyo, basi mtu yeyote mezani kwako akisema "Ahsante, mimi situmii", usimbembeleze.

KANA: NI NANI ALIYEBEBA MAJI?

Wanywaji wengi hupenda kunitajia arusi ya Kana. Vizuri, na tuisome basi, Injili ya Yohane sura ya 2. Lakini tuisome yote.

Kwanza, tuone divai ilikwenda wapi. Yesu hakuwaita wanaume kando wakanywe pembeni. Divai ilipelekwa karamuni, nyumbani mwa maarusi, mahali alipokuwapo Mama yake, wanafunzi wake na wageni wote. Walikuwa wamekusanyika kwanza kwa ajili ya ndoa, ndipo divai ikaletwa. Arusi haikuifuata divai. Divai iliifuata arusi.

Pili, tuone ni nani aliyegundua upungufu. Ni Mama Maria. Wageni walikuwa wakila na kunywa, naye akaona kwamba nyumba hii imepungukiwa na kitu, akasema na Mwanawe. Katika nyumba nyingi mke ndiye wa kwanza kuona kwamba furaha inaisha. Akisema, asiambiwe kwamba ana kelele. Anafanya kazi aliyoifanya Mama wa Yesu.

Tatu, tuhesabu maji. Mitungi ilikuwa sita, kila mmoja wa lita kati ya 80 na 120 hivi. Tukichukua lita 100 kwa kila mtungi, ni lita 600. Sisi wa Mombasa, ambao mara nyingi mifereji hukauka na tukanunua maji kwa mitungi ya lita 20, tunajua maana yake: ni mitungi 30. Kuna watu waliochota na kubeba maji hayo wakati wengine wameketi. Injili haikuwasahau, inasema kwamba wao walijua divai ilitoka wapi, huku mkuu wa karamu hajui.

Basi mume, ukiwa umeketi Jumamosi na kikombe mkononi, jiulize: leo ni nani anayebeba maji? Nguo ulizovaa amezifua nani? Watoto wako kwa nani? Katekisimu namba 2186 inatukumbusha kwamba wenye nafasi ya kupumzika wawafikirie wale walio na haja hiyo hiyo wasiopata nafasi kwa sababu ya umaskini na taabu. Tunadhani maneno hayo yanahusu watu wa mbali. Huenda mtu huyo amelala ubavuni pako.

HATA KAHAWA YAWEZA KUMTENGA MKE

Wasiokunywa pombe wasiseme, "Somo hili si langu." Hapa Bondeni na Mji wa Kale tuna desturi nzuri ya baraza. Jioni wanaume huketi, kahawa chungu ikamiminwa kutoka kwenye dele, kashata na tende zikapita, habari zikazungumzwa. Hakuna anayelewa. Lakini mwanamume aketiye barazani kila jioni hadi saa nne, na nyumbani akaja kulala tu, amefanya jambo lile lile alilofanya yule fundi wa kule ng'ambo. Kadhalika yule wa bao, yule wa mpira wa Uingereza kwenye televisheni, na yule aliyeketi sebuleni na mkewe huku macho yako kwenye simu.

Na akina mama nao tujisemeshe ukweli. Wapo wanaomaliza kila Jumamosi katika arusi za watu, vyama vya kuchangiana na simu za mashoga, na mume akarudi akakuta nyumba imefungwa. Mapumziko ya upande mmoja yaweza kutoka upande wowote.

Si vibaya mume kuwa na rafiki zake, na mke wake. Ubaya huja pale saa nzuri za wiki zinapokwenda kwa wengine, na mwenzako akapewa mabaki.

WAZEE WALIJUA MAHALI PA TEMBO

Ndugu zetu Wamijikenda wana desturi ya kadzama, yaani tembo la mnazi linalopelekwa kwa wazee, kwa mfano watu wanapokwenda kuposa. Tembo hilo si la kuzimia kiu ya mtu mmoja. Huwekwa mbele ya jamaa mbili zinapokutana, maneno husemwa, makubaliano hufanywa. Kinywaji kinatumikia undugu. Mangwe ya siku hizi mara nyingi yamegeuza mambo: kinywaji kimekuwa bwana, na undugu wadumu mpaka fedha ziishe.

Kuna jambo jingine ambalo wagema wanalijua na wanywaji hulisahau. Tembo likigemwa sasa hivi ni tamu, lakini chachu huanza kazi mara moja. Kwa saa chache huwa kali, na baada ya siku mbili tatu laelekea kuwa siki. Kwa hiyo anayeketi tangu saa nane mchana hadi saa tatu usiku, kikombe chake cha mwisho si sawa na cha kwanza, hata kama ni cha kibuyu kile kile. Ndiyo maana mtu husema kwa moyo safi, "Nilikunywa vile vile kama siku zote," na miguu yake inamkatalia.

JINSI YA KUFURAHIA KIKOMBE PAMOJA

Wanandoa wanaotumia divai waitumie kama watu wazima wenye furaha, si kama watoto walioiba sukari. Haya machache yatawasaidia:

1. Mngoje sababu. Kumbukumbu ya ndoa, ubatizo wa mtoto, Pasaka, Krismasi. Kitu kinachokuja kila siku hakiwi karamu.

2. Kuleni kwanza. Divai nyeupe hupatana vizuri na samaki wa kupaka au kamba. Nyekundu na nyama ya kuchoma au ya mchuzi mzito. Anayekunywa na tumbo tupu hulewa upesi, kisha hana hamu ya chakula alichopikiwa.

3. Ipozeni. Joto letu la Mombasa huharibu ladha. Nyeupe ikae kwenye friji saa mbili au tatu. Hata nyekundu hufaidika na nusu saa. Chupa isiwekwe karibu na jiko wala dirishani penye jua.

4. Jueni hesabu yake. Chupa ya kawaida ni mililita 750, yaani glasi tano za mililita 150. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 12, ndani yake mna mililita 90 za pombe halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo anayemaliza chupa ya divai peke yake amekunywa zaidi ya bia tatu na nusu. Glasi moja kila mmoja yatosha. Chupa ikizibwa vizuri na kurudishwa kwenye friji hukaa siku mbili tatu.

5. Onjeni polepole. Inuseni, onjeni kidogo, mwambiane mnaonja nini. Mtaona kwamba saa moja imepita, glasi haijaisha, na mmezungumza mambo ambayo hamkuyazungumza mwaka mzima. Faida yenyewe ni hayo mazungumzo.

6. Wapo wasiopaswa kunywa kabisa: mama mjamzito, anayetumia dawa ambazo daktari amemkataza kuchanganya na pombe, anayeendesha gari, pikipiki au tuktuk, na watoto. Tena tusidanganyane kwamba divai ni dawa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Pia msinunue kinywaji cha vichochoroni msichojua kimetengenezwa na nini. Februari 2024 kule Kirinyaga watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe yenye sumu.

JIRANI ASIKWAZIKE

Sisi wa Bondeni tunaishi ukuta kwa ukuta na Waislamu. Wametufaa katika misiba na arusi, nasi tumewafaa. Katika Waraka kwa Warumi sura ya 14, Paulo anafundisha kwamba ni heri kuacha nyama au divai kuliko kumkwaza ndugu. Basi chupa isipitishwe mtaani mikononi kama bendera, wala isiachwe tupu mlangoni. Mwezi wa Ramadhani tuzidishe adabu. Jirani akija kubisha hodi, aandaliwe chai au sharubati, na chombo kisichochanganywa na pombe. Hii si kuficha imani yetu. Ni heshima tu, na heshima ni sehemu ya imani.

Lakini nawaonya waume: heshima kwa jirani isiwe kisingizio cha kukimbia nyumba yako. Ukijali asikuone jirani, jali pia akuone mkeo.

KIKOMBE KIKIWA BWANA

Zipo nyumba ambazo ushauri wa glasi moja hauzisaidii. Ukiona unaficha chupa, unakopa ili unywe, umeahidi kuacha mara tatu ukashindwa, mkono unatetemeka asubuhi, au watoto wanakukimbia unapoingia, hapo usitafute kiasi. Acha kabisa, na usiache peke yako. Mwone daktari, maana anayekunywa sana akiacha ghafla aweza kuugua vibaya. Mwone padre. Tafuta kikundi cha watu walioacha pombe.

Mwombe pia Matt Talbot akuombee. Alikuwa kibarua wa Dublin, Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza pombe akiwa mtoto, na mshahara wake ukaishia baa. Mwaka 1884 aliweka nadhiri ya kuacha, kwanza kwa miezi mitatu tu, akaendelea hivyo mpaka alipokufa mwaka 1925. Mwaka 1975 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu anayestahili heshima. Alianza na miezi mitatu. Wewe anza na leo.

Na wewe mama unayepigwa au kutishwa na mlevi, usidhani sakramenti ya ndoa inakuamuru ukae upigwe. Toka mahali pa hatari pamoja na watoto, na utafute msaada kwa ndugu, parokiani na polisi.

JUMAMOSI YA WAWILI

Turudi kwa yule fundi na mkewe. Niliwaketisha pamoja na kuwapa karatasi moja. Kila mmoja aandike saa alizopumzika kweli kweli wiki iliyopita: saa ambazo hapiki, hafui, hauzi, halei mtoto. Mume aliandika saa 14. Mke alishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaandika: "Misani." Mume aliitazama ile karatasi, asiseme neno.

Walikubaliana hivi. Jumamosi mbili za mwezi ni zao wawili. Jumamosi moja mume aende kwa wenzake, arudi kabla ya saa mbili usiku. Jumamosi inayobaki mke apumzike au atembelee dada zake, na mume akae na watoto. Jumapili wote waende Misa, maana Siku ya Bwana ni ya pumziko kwa wote waliomo nyumbani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika juu ya siku hiyo mwaka 1998, katika barua yake Dies Domini.

Utasema, "Mapumziko ni ya wenye fedha." Sivyo. Kutoka Bondeni mnatembea kwa miguu kupitia Mji wa Kale mpaka Ngome ya Yesu, jua likiwa linatua. Mkipenda upepo, nendeni Mama Ngina, mle mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, mnywe dafu moja kwa mirija miwili. Mkikosa hata hiyo, kivuko cha Likoni hakimtozi mwenda kwa miguu: vukeni, mrudi, mkitazama meli zinazoingia. Yule fundi alikuwa amekivuka kivuko kile kila Jumamosi kwa miaka, na mkewe hajawahi kukivuka naye ila kwa kwenda kwenye matanga.

Je, wamefaulu? Mwezi wa kwanza walishika vizuri. Mwezi wa pili mume alivunja ahadi mara mbili, wakagombana, wakaanza upya. Juzi mama aliniambia, "Mwalimu, bado hajatengenea, lakini sasa akichelewa anajua amechelewa kwa nani." Mimi naona hapo neema imeanza kazi. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alitukumbusha kwamba upendo wahitaji muda, na kwamba mambo mengine yote yapasa kungoja. Wanandoa wengi wananyimana muda wakidhani wananyimana fedha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Wiki iliyopita kila mmoja wetu alipata saa ngapi za mapumziko ya kweli? Tuandike tulinganishe.
2. Ni kitu gani kinachopokea saa zetu nzuri: kinywaji, baraza, mpira, simu, biashara?
3. Je, nyumbani mwetu ni nani huona kwanza kwamba "divai imekwisha", yaani furaha imepungua? Akisema, anasikilizwa?
4. Watoto wetu wamejifunza nini juu ya pombe kwa kututazama?
5. Mwezi huu, Jumamosi ipi itakuwa ya sisi wawili, na tutakwenda wapi?

SALA

Ee Yesu, uliyekubali kualikwa arusini Kana, twakualika katika nyumba yetu. Wewe wajua kilichopungua kati yetu. Utufundishe kupumzika pamoja kama tunavyotaabika pamoja. Utulinde na kikombe kinachotutenganisha, na ubariki kila kikombe kinachotukutanisha. Maria, Mama wa Kana, utuombee. Amina.

Hadi toleo lijalo, Mungu azibariki nyumba zenu.